Mfuko wa Ng'ambo na Kapu la Sadaka: Hazina ya Kanisa la Frere Town, Kisauni

Historia ya makanisa ya pwani ya Kenya imezoea kuandikwa kwa majina ya maaskofu na tarehe za kuwekwa mawe ya msingi, na daftari la mhazini, ambalo ndilo hasa linaloonyesha nani aliyelibeba kanisa na nani aliyebebwa nalo, huachwa kabatini. Kwa Kisauni, upande wa nchi kavu unaotazamana na kisiwa cha Mombasa kuvuka mkono wa bahari, pengo hilo linaficha jambo kubwa, kwa kuwa Kanisa la Emmanuel la Frere Town, lililojengwa mwaka 1889 na ambalo mpaka leo ni la dayosisi ya Kianglikana ya Mombasa, lilizaliwa ndani ya makazi yaliyoanzishwa kwa fedha za watu ambao karibu wote hawakuwahi kuliona. Watu wa Mombasa hutumia neno moja, ng'ambo, kwa upande wa pili wa maji ya karibu na kwa nchi zilizo upande wa pili wa bahari kuu. Kanisa hili limekuwa la ng'ambo kwa maana zote mbili, na swali lililoliandama tangu mwanzo ni hili: je, anayetoa pesa ndiye mwenye kanisa, au mwenye kanisa ni yule anayesali ndani yake?

Chanzo cha fedha hizo ni mkataba wa Juni 1873, ambao Sultani Barghash wa Zanzibar aliutia saini kwa shinikizo la Uingereza, baada ya ujumbe ulioongozwa na Sir Bartle Frere, ili kufunga biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Meli za kivita za Kiingereza zilizokamata majahazi zilijikuta na mateka, yaani watu waliookolewa humo, ambao haikuwezekana kuwarudisha makwao kwa sababu wengi walitoka mbali sana, wakiwamo Wayao na Wanyasa, na wengine walikuwa watoto wasiojua njia ya kurudi. Shirika la kimisionari la Kianglikana, lijulikanalo kwa kifupi CMS, ambalo hadi wakati huo lilikuwa na kituo kidogo tu kule Rabai, mahali alipokaa mmisionari Johannes Rebmann tangu miaka ya 1840 na kupata waumini wachache mno, lilikubali kuwapokea. Mwishoni mwa 1874 lilimtuma William Salter Price, aliyekuwa amesimamia makazi ya Waafrika waliokombolewa huko Sharanpur karibu na Nasik nchini India. Price alinunua ardhi Kisauni, akajenga nyumba, na mwaka 1875 mateka wa kwanza wakateremshwa pwani. Makazi yakaitwa Frere Town kwa heshima ya yule mjumbe.

Ununuzi huo wa ardhi unastahili kutazamwa kwa makini kuliko unavyotazamwa kwa kawaida, kwa sababu ndio uliopanga mahusiano yote ya fedha yaliyofuata. Shamba lilikuwa mali ya shirika. Mateka alipewa kiwanja cha kujenga kibanda na kipande cha kulima, lakini hakupewa hati. Alipofika alipewa posho, yaani chakula cha kila siku, kisha akapewa kazi za ujenzi, za kusafisha msitu na za mashambani, na akalipwa na misheni. Kwa hiyo taasisi ileile ilikuwa mwenye nyumba, mwajiri, hakimu na mchungaji wa mtu mmoja. Pesa aliyopokea mkononi siku ya mshahara ilitoka katika hazina ya misheni, na sadaka aliyoitoa Jumapili ilirudi katika hazina hiyohiyo. Mhasibu anaweza kuiandika mara mbili, kama matumizi na kama mapato, lakini kwa kweli ilikuwa pesa moja iliyozunguka ndani ya ua mmoja, na nguvu ya kuuzungusha mzunguko huo ilitoka Uingereza, katika michango ya parishi za huko, visanduku vya watoto wa shule za Jumapili na wasia za matajiri.

Ajabu ni kwamba shirika lenyewe lilikuwa na fundisho lililopinga hali hiyo. Henry Venn, aliyekuwa katibu wake kuanzia 1841 hadi 1872, alifundisha kwamba kanisa la wenyeji linapaswa kufikia mambo matatu: kujitegemea kwa fedha, kujitawala na kujieneza lenyewe, na kwamba mmisionari ni kama jukwaa la fundi ambalo huondolewa jengo likisimama. Sierra Leone ilikuwa tayari imejaribu mpango huo tangu 1861, ambapo makasisi Waafrika walianza kulipwa kutokana na mfuko wa waumini wao. Frere Town ilianzishwa miaka miwili tu baada ya Venn kuondoka katika wadhifa wake, lakini ilianza kinyume, kwa jukwaa kubwa kuliko jengo, na jukwaa la namna hiyo haliondolewi kwa urahisi kwa sababu watu wamekwisha kuzoea kukaa juu yake.

Walioliona tatizo hili mapema na kulisema wazi walikuwa Waafrika waliokombolewa na kulelewa India kabla ya kuja kufanya kazi katika misheni. Ishmael Semler, William Jones na George David walijua kusoma, walijua ufundi, walijua Kiingereza, na ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi ya kufundisha, kuhubiri na kutafsiri, lakini malipo yao hayakulingana hata kidogo na ya mmisionari Mzungu aliyefika jana na asiyejua lugha. Manung'uniko yao kuhusu mshahara na hadhi hujirudia katika historia ya makazi hayo kwa zaidi ya miaka 20, na waandishi wa kimisionari wa zamani waliyataja kama kiburi. Msomaji wa leo atayasoma vingine. Hao walikuwa watu waliotambua kwamba katika kanisa lisilokuwa na mfuko wake, cheo cha mtu hupimwa London. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa Semler na Jones daraja la ushemasi, ambalo ni hatua ya kwanza kuelekea ukasisi, lakini daraja halikubadili chanzo cha posho zao.

Usimamizi wa miaka ya mwisho ya 1870, chini ya msimamizi asiyekuwa kasisi, J. R. Streeter, ulilenga kuyafanya makazi yajilishe kwa kilimo, na kwa hesabu za shamba haukuwa mpango wa kipuuzi. Ulichokosa ni hiari. Adhabu kali za viboko ziliharibu sifa ya makazi, malalamiko yakafika Uingereza, na Price akarudishwa mwaka 1881 kuja kusafisha hali. Tatizo lilikuwa katika muundo wenyewe: mtu asiyemiliki ardhi anayoilima, na anayepigwa asipoilima, hana sababu ya kuiona ziada yake kama sadaka.

Kisha likaja suala la watoro, yaani watumwa waliokimbia mabwana wao wa pwani na kujificha katika vituo vya misheni, hasa Rabai. Mwaka 1888 mabwana walitishia kuvivamia vituo, wakati ambapo Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imepewa kibali cha kuitawala pwani kwa niaba ya Sultani, ndiyo kwanza inaanza kazi na haikutaka vita. Msimamizi wake, George Mackenzie, aliamua kulipa. Kwa makubaliano yaliyohitimishwa kwa sherehe pale Rabai siku ya kwanza ya 1889, watoro zaidi ya 1,400 walikombolewa kwa dola 25 kila mmoja, dola hiyo ikiwa riale ya Maria Theresa iliyotumika pwani nzima. Price, aliyekuwa amefika huko kwa mara ya tatu, aliyaeleza mambo hayo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1890. Kwa historia ya fedha za kanisa tukio hilo lina maana moja ngumu kuitamka: sehemu kubwa ya watu waliokuwa waumini wa misheni walikuwa wamenunuliwa, kwa nia njema kabisa, na kwa sehemu kwa fedha za kampuni ya biashara. Kanisa la Emmanuel lilijengwa mwaka huohuo, na kengele ya makazi, ambayo ndiyo iliyoupa jina mtaa wa Kengeleni, imekuwa tangu hapo alama inayoonwa na kila apitaye barabara ya kwenda Malindi.

Sadaka ya wakati huo ilikuwaje? Rupia ya Kihindi ilikuwa na pesa 64, na sarafu hizo ndogo za shaba ndizo zilizofika mkononi mwa mtu wa kawaida. Kampuni nayo ilitoa sarafu zake za Mombasa kuanzia 1888, zikiwa na picha ya mizani. Palipokosekana fedha palikuwa na vitu, kama nazi, mahindi, muhogo, kuku na mayai. Utaratibu huu wa malimbuko, yaani kuleta mazao ya kwanza mbele ya madhabahu, ulifuata mafundisho ya Agano la Kale lakini haukuwa mgeni kwa watu waliotoka katika jamii za wakulima, na hivyo ukashika mizizi haraka kuliko fungu la kumi, ambalo linamtaka mtoaji awe na mapato yanayohesabika.

Hatua iliyofuata iliamuliwa nje ya Kisauni. Uingereza ilitangaza himaya yake mwaka 1895, reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na hali ya utumwa ikafutwa kisheria mwaka 1907. Meli za kuleta mateka zilikuwa zimekwisha, na pamoja nazo ikaisha sababu iliyowafanya watoaji wa Uingereza kufungua mifuko yao. Shirika lilikuwa tayari na Uganda tangu 1877, na kuanzia mwanzo wa karne ya 20 likaelekea nyanda za Wakikuyu. Wazao wa mateka hao, ambao majirani wao waliwaita Wamisheni, walibaki na kanisa kubwa na wafadhili waliokuwa wakitazama kwingine.

Ulinganisho na Uganda unaeleza mengi. Huko, Askofu Alfred Tucker alishikilia kwamba makasisi na waalimu Waganda walipwe na kanisa lao wenyewe, na jambo hilo liliwezekana kwa sababu machifu walikuwa wameingia Ukristo wakiwa na ardhi na watu, na mkataba wa 1900 uliyapa mashirika ya kimisionari maili za mraba 92. Kisauni haikuwa na chifu wa kutoa ardhi. Ilikuwa na watoto wa watu waliotenganishwa na koo zao, wasiokuwa na kaya wala shamba la babu, na hao walikuwa na mali moja tu ya kuuza, nayo ilikuwa elimu. Shule ya Frere Town ilikuwa imewafanya kuwa makarani, wakalimani, mafundi na waalimu, na soko la ujuzi huo lilikuwa Nairobi, relini na serikalini. Kila kijana aliyepanda gari la moshi aliondoka na sadaka yake. Kodi ya kibanda, iliyoanzishwa mwaka 1901, ilidai fedha taslimu kutoka kwa waliobaki, na serikali haikupokea kuku.

Hata sarafu zenyewe hazikutulia. Kati ya 1920 na 1922 wakazi wa koloni walihama kutoka rupia hadi florini na kutoka florini hadi shilingi, na thamani ya rupia iliwekwa kwa shilingi 2 kwa uamuzi uliowapendelea wenye mikopo fulani na kuwaumiza wengine. Mwaka 1930 chuo cha kufundishia makasisi, kilichokuwa Frere Town tangu 1903, kilihamishiwa Limuru, ambako leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo. Kuondoka kwake kulikuwa pigo la heshima na la hazina kwa pamoja, maana chuo huleta wageni, waalimu wenye mishahara na matengenezo yanayolipwa na mtu mwingine. Mwaka uliofuata daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa, na Kisauni iliyokuwa ikifikiwa kwa mashua ikaunganishwa na kisiwa.

Kilichoyaokoa makanisa madogo ya ng'ambo ya kisiwa katika miongo hiyo kilikuwa shule, na ni jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Serikali ya kikoloni ilitoa ruzuku kwa shule za misheni, na mwalimu wa shule ya kijiji alikuwa pia ndiye aliyeongoza sala, aliyefundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, na aliyesoma mahubiri kasisi asipofika. Mshahara wake ulitoka katika ruzuku ya elimu, na kanisa likapata mhubiri bila kumlipa. Sheria ya Elimu ya 1968, iliyoziweka shule chini ya serikali na kuyaacha makanisa kuwa wafadhili wa jina, ilikata kamba hiyo. Parishi nyingi ziligundua hapo ndipo zinajitegemea kweli, na baadhi ziligundua kwamba haziwezi.

Wakati huo sura ya waumini ilikuwa imekwisha kubadilika. Bandari ya Kilindini, karakana za reli, kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofunguliwa Changamwe mwaka 1963, na kivuko cha Likoni vilivuta watu kutoka bara, Waluo, Wakamba, Waluhya, Wataita na Wakikuyu, waliokodi vyumba katika mitaa ya nchi kavu inayozunguka kisiwa, yaani Changamwe, Mikindani, Likoni na Kisauni, na kuanzisha makundi ya sala katika lugha zao. Mgomo mkuu wa Januari 1947, uliomtoa Chege Kibachia kuwa sauti ya wafanyakazi, ulionyesha jinsi ujira ulivyokuwa mdogo ukilinganishwa na kodi ya nyumba na bei ya unga. Kanisa la wafanyakazi hao lilikuwa na tabia ya kifedha iliyo tofauti na ya Frere Town ya zamani. Kapu lilijaa mwisho wa mwezi na kupungua tarehe 20. Desemba, watu walipopanda mabasi kwenda kwao, lilikauka. Tena, mtoaji alikuwa na makanisa mawili moyoni: hili alimosali na lile la nyumbani alikobatizwa, ambalo ndilo alilolipelekea mabati.

Dayosisi ya Mombasa, eneo linaloongozwa na askofu, ilianza upya mwaka 1964 chini ya Peter Mwang'ombe, na Kanisa la Kianglikana la Kenya likawa jimbo kamili mwaka 1970. Kujitawala kulikuja na ankara. Kila parishi hupangiwa mgao wa kupeleka dayosisini, ambao ndio unaolipa mishahara ya makasisi kwa mfuko wa pamoja, ili kasisi wa parishi maskini asife njaa na yule wa parishi tajiri asijivune. Ni mpango wa haki, na ndio pia chimbuko la ugomvi mwingi wa vikao vya halmashauri, kwa sababu parishi ndogo huona nusu ya jasho lake ikivuka maji kwenda kisiwani kabla paa halijazibwa. Mzee wa kanisa anayelalamika hivyo anarudia, bila kujua, lalamiko la Semler na Jones likiwa limegeuzwa juu chini: wao walipewa kidogo kutoka mbali, yeye anaombwa kingi kupelekwa karibu.

Pengo lilizibwa kwa harambee, wito ambao Jomo Kenyatta aliufanya kauli ya taifa mwaka 1963, na kwa mnada wa mavuno. Mnada huu unafaa kuelezwa kwa wasioujua. Waumini huleta ndizi, miwa, mayai, mbuzi, hata mkate, na baada ya ibada kila kitu hupigiwa bei kwa sauti mbele ya watu. Kuku mmoja anaweza kununuliwa kwa bei ya kuku watano, kisha mnunuzi akamrudisha apigiwe bei tena. Anayetazama kwa jicho la soko ataona upuuzi. Anayejua mambo ataona kwamba kuku ni kisingizio, na kwamba hadhi ya mtu ndiyo inayouzwa na kununuliwa kwa faida ya paa. Udhaifu wake ni kwamba harambee na mnada hufungulia mlango mwanasiasa, ambaye hutoa bahasha moja kubwa kuliko sadaka ya miezi mitatu na kutaka kipaza sauti kwa malipo. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson ole Sapit alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia madhabahuni katika makanisa ya Kianglikana, uamuzi ambao kwa parishi kubwa ulikuwa wa heshima na kwa parishi ndogo ulikuwa pia wa gharama.

Makanisa ya Likoni yana safu ya matumizi ambayo daftari za zamani hazikuwa nayo. Agosti 1997, baada ya kituo cha polisi cha Likoni kushambuliwa na watu wa bara kufukuzwa kwa silaha, maelfu walikimbilia uwanja wa kanisa Katoliki la huko, na mapato yakageuka kuwa unga na maji. Wengi wa waliohama hawakurudi, na makundi ya sala ya mitaa yaliyokuwa yakikusanya michango yalivunjika. Machi 2014 watu wenye bunduki waliingia katika kanisa moja dogo Likoni wakati wa ibada na kuua watu sita. Tangu hapo ukuta, lango la chuma na mlinzi anayekagua mikoba vimekuwa gharama za kudumu, na kwa kanisa la mabati lenye waumini wachache, mshahara wa mlinzi unaweza kushindana na wa mhubiri.

M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilibadili jambo ambalo karne nzima ya sarafu haikulibadili: ilitenganisha mtoaji na kapu. Sadaka iliyotumwa kwa simu huacha maandishi, haihesabiwi na vidole vya mtu, na inaweza kutumwa na mtoto wa Kisauni aliyeko Nairobi au Dubai, kwa hiyo ule upotevu ulioanza na gari la moshi umepata kurudishwa kwa sehemu. Machi 2020 makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona, parishi zenye namba ya malipo na orodha ya waumini zilipumua, na zile zilizotegemea kapu tu zilinyamaza. Yalipofunguliwa Julai, ibada iliruhusiwa watu 100 kwa saa moja, na wenye zaidi ya miaka 58 walitakiwa kubaki nyumbani, ingawa hao ndio, kama mhazini yeyote atakavyokiri, watoaji wasiokosa.

Hesabu za upande mmoja wa historia hii zimehifadhiwa vizuri. Barua na ripoti za CMS zipo katika Chuo Kikuu cha Birmingham, zimepangwa kwa miaka, na mtafiti anaweza kuona humo fedha zilizotumwa Frere Town na malalamiko yaliyorudi. Upande wa pili, wa walioleta nazi, pesa na baadaye shilingi, uko katika daftari zilizobaki makabatini mwa parishi, katika hewa ya chumvi na mchwa wa Mombasa. Halmashauri za parishi za Kisauni, Changamwe na Likoni ambazo bado zina daftari hizo zinaombwa kuzipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuweka nakala katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, huku daftari zenyewe zikibaki mikononi mwa waliozijaza.